Kurasa zilizotengwa na vitabu vyao: shajara ya mradi

Februari

Mradi wenyewe ni huu: kukusanya karatasi halisi kutoka vitabu vya mwanzo vya chapa vya Ulaya, zile zenye picha zilizopigwa kwa vibao vya mbao, na kuziandikia maelezo ya Kiswahili, ili siku moja ziwekwe mbele ya wanafunzi wa sanaa na uchapaji kule Mombasa. Naishi Nürnberg, na maduka ya vitabu vya kale na minada si mbali nami, kwa hiyo nina fursa ambayo wengi nyumbani hawana. Sitaki karatasi nyingi. Nataka kila moja iwe na la kufundisha, na iwe na anwani kamili: kitabu gani, toleo gani, mji gani, mwaka gani, karatasi ya ngapi. Bila anwani, picha inabaki pambo la ukutani.

Kabla ya kutoa hata senti nimejiwekea masharti. Karatasi ya namna hii ipo sokoni kwa sababu kuna kitabu kilichofumuliwa. Vitabu vingine vilifumuka vyenyewe kwa moto, maji, vita au jalada kuachia. Vingine vilikatwa na watu waliojua vizuri walichokishika. Mwaka 1921 mfanyabiashara wa New York, Gabriel Wells, alifumua nakala pungufu ya Biblia ya Gutenberg akaiuza karatasi moja moja, pamoja na insha ya A. Edward Newton. Otto Ege wa Cleveland, aliyefariki mwaka 1951, alikata vitabu na miswada kwa miaka mingi, na alijitetea hadharani kwamba anawapa watu wa kawaida nafasi ya kumiliki kipande cha uzuri wa kale.

Hoja ya Ege inanigusa, maana mimi ndiye huyo mtu wa kawaida. Hata hivyo siikubali. Kitabu kikishakatwa hakuna wa kukirudisha, na anayenunua leo ndiye anayemtia moyo atakayekata kesho. Basi nitanunua tu karatasi yenye dalili kwamba iliachana na kitabu chake zamani: penseli ya muuzaji wa miaka mingi iliyopita, gundi ya fremu iliyokauka na kuwa rangi ya asali, risiti ya urithi. Yenye ukingo mweupe uliokatwa juzi kwa wembe siigusi, hata ikiwa nzuri namna gani.

Machi

Karatasi ya kwanza imepatikana, na imetoka humu humu mjini: Historia ya Dunia ya Hartmann Schedel, iliyochapwa na Anton Koberger hapa Nürnberg mwaka 1493. Imekaa kwenye fremu ya familia moja tangu kabla ya vita, na nyuma ya fremu kuna kibandiko cha duka ambalo halipo tena. Inaonyesha mji wa Lyon.

Kitabu hiki kinastahili kuanza nacho. Schedel alikuwa daktari na mpenzi mkubwa wa vitabu. Fedha zilitolewa na matajiri wawili wa mjini, Sebald Schreyer na shemeji yake Sebastian Kammermeister. Wachoraji walikuwa Michael Wolgemut na mwanawe wa kambo Wilhelm Pleydenwurff, na mkataba nao ulifungwa mwishoni mwa 1491. Mwaka uliofuata ukafungwa mkataba na Koberger, ukimtaka atenge chumba chenye kufuli kwa ajili ya kazi hiyo. Toleo la Kilatini lilikamilika tarehe 12 Julai 1493. La Kijerumani, lililotafsiriwa na Georg Alt, likafuata tarehe 23 Desemba mwaka huo huo. Albrecht Dürer, ambaye Koberger alikuwa baba yake wa ubatizo, alikuwa mwanagenzi katika karakana ya Wolgemut kuanzia 1486 hadi 1489, na wataalamu bado wanabishana kama mkono wake umo.

Kutambua toleo hakukuwa kugumu. Juu ya ukurasa, pembeni kulia, pana neno "Folium" na tarakimu za Kirumi, na hiyo ni Kilatini ya 1493. Lingekuwa toleo la Kijerumani pangeandikwa "Blat". Na ingekuwa karatasi ndogo zaidi, yenye mistari ya picha iliyorahisishwa, ningeshuku matoleo ya kuiba ya Johann Schönsperger wa Augsburg, aliyechonga vibao vipya kwa kunakili na kuuza kwa bei nafuu kuanzia 1496. Yangu ina urefu wa zaidi ya sentimita 40, na ukiishika dhidi ya dirisha unaona mistari ya waya wa chekecheo iliyotengenezea karatasi, iliyonyooka, yenye nafasi zinazolingana. Karatasi hii ni matambara ya kitani yaliyopondwa kinuni. Ndiyo maana baada ya miaka zaidi ya 500 bado inakunjika bila kuvunjika, wakati gazeti la babu yangu limeshakuwa unga.

Sasa jambo lililonifanya nichague Lyon badala ya mji mwingine. Kitabu kizima kina picha 1,809, lakini vibao vilivyochongwa ni 645 tu. Vingine vilitumika tena na tena. Kibao kilichopiga picha ya Lyon ndicho kilichopiga Mainz, Napoli, Aquileia na Bologna. Kuta zile zile, mnara ule ule, mto ule ule. Jina tu la juu ndilo linabadilishwa kwa herufi za risasi. Wafalme na mapapa nao wanagawana sura hivyo hivyo.

Wengi wakisikia hivyo husema wachapaji walidanganya. Mimi naona msomaji wa wakati ule aliielewa picha kama alama: hapa pana mji, mkubwa, wenye ngome na makanisa. Palipokuwa na mchoro halisi walitia bidii ya ajabu. Nürnberg yenyewe imepewa kurasa mbili zilizofunguka, na chini upande wa kulia, nje ya ukuta, unakiona kinu cha karatasi cha Ulman Stromer, cha kwanza kujulikana Ujerumani, kilichoanzishwa 1390. Kitabu cha karatasi kinaonyesha mahali palipotengenezewa karatasi. Kurasa hizo mbili kwa bei ya mnada ni za matajiri, nami nazitazama maktaba.

Nimejiwekea shabaha: nipate karatasi ya pili yenye kibao hicho hicho na jina la mji mwingine. Bologna au Mainz, yoyote. Zikikaa kando kwa kando, mwanafunzi ataelewa bila maneno mengi.

Aprili

Masuala ya kuhifadhi, kwa ufupi. Nimenunua bahasha za karatasi isiyo na asidi, jalada gumu la kukunja, na vibanio vya karatasi ya Kijapani vinavyogusa pembe tu. Hakuna plastiki, hakuna gundi, hakuna jua. Mkanda wa gundi ulioachwa nyuma ya karatasi ya Lyon na mtu wa karne iliyopita nimempelekea fundi wa kukarabati karatasi. Kazi hiyo si ya kujaribia nyumbani.

Mei

Nimempigia mjomba simu ya video, akiwa karakanani kwake Lamu. Amechonga milango na masanduku tangu ujana wake, na nilitaka macho ya mchongaji yaitazame karatasi kabla sijaiandikia neno.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nionyeshe hiyo kazi yako."

Nikaweka kamera juu ya kioo cha kukuzia na kuisogeza polepole kwenye ukuta wa mji, pale kivuli kinapoanguka. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Huyu hajachonga mstari. Amechonga kisicho mstari."

Ndivyo ilivyo, na sijawahi kuisikia ikielezwa vizuri zaidi. Mchoraji anachora juu ya kibao, mara nyingi cha mpeasi kilichopasuliwa kwa urefu wa mti, na mchongaji anaondoa kila kitu ambacho hakitakiwi kushika wino. Mistari inabaki imesimama, kama mzabibu unavyobaki umesimama kwenye kizingiti cha mlango wa Lamu baada ya fundi kukomba chini yake. Tofauti ni kwamba hapa mstari uliobaki hauzidi unene wa uzi, na mji wote umegeuzwa kushoto kulia ili chapa itoke sawa.

Mjomba akaniambia nirudi pale mistari ya kivuli inapokatana. "Unaviona vitundu hivi vyeupe vya katikati? Kila kimoja kakitoa kwa ncha ya kisu. Mkato huku, mkato huku, huku na huku, kisha kadokoa. Kalamu inavuta mistari miwili imekwisha, yeye ana kazi ya asubuhi nzima." Akanionyesha pia mistari inayoishia kwa ncha nyembamba, akasema hapo kisu kimeinuliwa taratibu, na mingine iliyoishia butu, ambayo kwa maoni yake ni mkono wa mtu mwingine au wa mtu aliyechoka.

Akauliza, "Aliyechonga anaitwa nani?"

Sikuwa na jina la kumpa. Kwa Schedel tunawajua mwandishi, mfasiri, mchapaji, wenye fedha na wachoraji, wote kwa majina na mikataba. Waliokaa na visu hawakutajwa. Mjomba hakushangaa.

Mei, mwishoni

Swali la mjomba limenielekeza kwa Leonhart Fuchs. Kitabu chake kikubwa cha mimea kilichapwa na Michael Isingrin mjini Basel mwaka 1542, chenye picha za mimea zaidi ya 500, na kwenye kurasa za mwisho kimewaweka mafundi watatu kwa sura na kwa majina: Albrecht Meyer aliyechora mimea, Heinrich Füllmaurer aliyehamisha michoro kwenye vibao, na Veit Rudolf Speckle aliyechonga. Nimempelekea mjomba picha ya Speckle. Amejibu kwa sauti: "Huyu sasa tumemjua. Mpe salamu zangu."

Katika Fuchs kuna picha ambayo kila nyumba ya Afrika Mashariki ina haki ya kuiona: mahindi. Ni miongoni mwa picha za kwanza za mmea huo kuchapwa Ulaya, miaka 50 tu baada ya Columbus, na Fuchs akaamini umetoka Uturuki. Pilipili kali nayo imo, ikiitwa ya Calicut, ingawa nayo ni ya Amerika. Ukiutazama muhindi ule na mizizi yake yote, majani yanayojikunja na nywele za gunzi, unajua Meyer alikuwa na mmea wenyewe mezani. Karatasi ya toleo la 1542 ni ghali. Lakini mwaka 1545 Isingrin alitoa toleo dogo la mfukoni, lenye picha hizo zikiwa zimechongwa upya kwa kupunguzwa, na karatasi zake huonekana sokoni kwa bei ya kibinadamu. Natafuta muhindi wa 1545.

Julai

Mwezi wa kukataa kuliko kununua, na kila kukataa kumenipa maelezo ya kuandika.

Muuzaji mmoja alinipa mandhari ya Kilwa. Moyo ulinidunda, nakiri. Ni ile karatasi ya Georg Braun na Frans Hogenberg, Köln, 1572, yenye picha nne pamoja: Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Lakini tangazo liliandika kuwa ni chapa ya mbao, na sivyo. Ni ya shaba. Kwenye shaba mambo yamegeuka: mstari umechimbwa, wino unakaa ndani ya mfereji, na karatasi iliyoloweshwa inasukumwa kwa rola mpaka iunyonye. Matokeo yake ni alama ya ukingo wa bamba iliyobonyea kuzunguka picha, na wino unaoweza kuuhisi umeinuka kidogo. Kwenye mbao unageuza karatasi na kuona mistari imesukuma kuelekea nyuma.

Tofauti hiyo ndiyo sababu ya mbao kutawala vitabu vya mwanzo. Kibao kikikatwa kwa kimo sawa na herufi za risasi, vinafungwa pamoja ndani ya fremu moja, vinapakwa wino mmoja wa masizi na mafuta ya kitani, na mvuto mmoja wa mtambo unatoa maneno na picha kwa pamoja. Shaba ilihitaji mtambo wake na zamu yake. Karatasi ya Kilwa ni ya thamani kwetu na siku moja nitaitafuta kwa mradi mwingine. Katika huu haina nafasi.

Nyingine ilikuwa karatasi ya Schedel iliyotiwa rangi za kung'aa mno. Rangi za mkono zilitiwa tangu karne ya 15, hata nakala ya Schedel mwenyewe, iliyoko Maktaba ya Taifa ya Bavaria mjini München, imetiwa rangi. Ila kijani cha kale mara nyingi kilitengenezwa kwa kutu ya shaba, nacho huila karatasi taratibu. Ukigeuza nyuma unakuta kivuli cha hudhurungi kimepenya. Karatasi hii ilikuwa na milima ya kijani kibichi na mgongo mweupe kabisa. Kwa macho yangu, rangi ni ya juzi, imewekwa ili bei ipande. Karatasi halisi, rangi ngeni. Nimeiacha.

Agosti

Nimepata karatasi mbili za Cosmographia ya Sebastian Münster, kitabu cha maelezo ya dunia yote, kutoka kwenye mirathi, zikiwa na maandishi ya penseli ya mkusanyaji wa miaka ya 1930. Picha ni ya mji ule ule mdogo, matoleo tofauti. Kitabu hiki kilitoka kwanza kwa Kijerumani mjini Basel mwaka 1544, kwa Heinrich Petri, kikaendelea kuchapwa mpaka 1628, kwa Kijerumani, Kilatini, Kifaransa, Kiitaliano na Kicheki. Münster mwenyewe alikufa kwa tauni mwaka 1552. Vibao vyake vingi viliendelea kufanya kazi miaka mingi baada yake, na hapo ndipo penye utamu wa kuvikusanya.

Kwenye karatasi ya toleo la mapema, mstari wa mpaka wa picha ni mzima. Kwenye ya baadaye umekatika sehemu kadhaa, na ufa mweupe umepita kutoka mbinguni mpaka paa la kanisa, kufuata nyuzi za mti. Halafu kuna vidoa vyeupe vya duara, kama vimetobolewa kwa sindano. Nikadhani kwanza ni matundu ya wadudu kwenye karatasi. Nikaiinua kwenye mwanga: karatasi ni nzima, hakuna tundu. Kilichobunguliwa ni kibao. Kilikaa ghalani Basel, bungua wakaingia, na kila walipotoboa hapakushika wino tena. Karibu na hapo, chini ya ukurasa, lipo tundu jingine linalopitisha mwanga kabisa. Huyo ni mdudu wa baadaye, aliyekula kitabu. Wadudu wawili, ulaji wa aina mbili, juu ya karatasi moja. Nimeipiga picha kwa mwanga wa mbele na wa nyuma, na picha hizo mbili zitaandamana na karatasi kokote itakakokwenda.

Ramani za Münster zina ufundi wake pia. Majina ya mahali mengi hayakuchongwa. Vibao vilikatwa nafasi, na humo yakapachikwa maandishi ya madini, kwa hiyo mchoro ule ule wa bahari na milima unaweza kubeba herufi nyingine katika toleo jingine. Ramani yake ya Afrika, iliyoanza kutoka 1540 katika kitabu chake cha awali cha ramani, ina Nile inayoshuka kutoka maziwa chini ya Milima ya Mwezi kama alivyofundisha Ptolemy, mwanajiografia wa kale, tembo mkubwa kusini, kasuku juu ya miti, na mtu wa jicho moja ameketi upande wa magharibi. Wanafunzi watataka kumjadili huyo wa jicho moja, na wana haki.

Nakuja kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, ameniita dukani kuona Cosmographia pungufu. Toleo la baadaye, jalada la ngozi ya nguruwe limeachia, ramani karibu zote zimeshachukuliwa, lakini mamia ya karatasi bado yameshikana kwenye uzi wake wa asili. Doa la maji limeingia kwenye pembe ya juu: kwenye karatasi za mwanzo ni pana kama kiganja, linapungua karatasi kwa karatasi mpaka linakwisha. Akaniambia kwa upole kabisa, "Chagua unazotaka, nitazikata. Nzima haiuziki."

Nilimsihi aiuze nzima. Kitabu pungufu ni ufunguo wa kutambulia karatasi zote zilizopotea, maana kina mfuatano, kina herufi za mikunjo chini ya kurasa, zile za kumwongoza mjalidi apange karatasi, kina vichwa vya sura. Bei ya nzima ilinizidi mbali, naye ana kodi ya kulipa. Aliniruhusu kupiga picha za kurasa kadhaa nikiwa pale, kwa hilo namshukuru. Sikununua kitu.

Septemba

Nimerudi kwenye historia ya pwani yetu, kwa sababu kuna picha za mbao ambazo sitazipata kamwe kwa kununua lakini mradi hauwezi kusimama bila kuzieleza.

Mwaka 1505 kundi la meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida liliiteka Kilwa mwezi Julai na kuipora na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Kila mtoto wa pwani anaijua habari hiyo. Kisichojulikana sana ni kwamba ndani ya kundi lile zilikuwemo meli zilizogharimiwa na wafanyabiashara wa Ujerumani, na mawakala wao walikuwemo. Mmoja, Hans Mayr, aliacha maelezo ya Kilwa na Mombasa ambayo yamo katika mswada ulioko München. Mwingine, Balthasar Springer, alikuwa wakala wa akina Welser, ukoo wa wafanyabiashara wa Augsburg. Aliporudi, msanii Hans Burgkmair wa Augsburg akachora na kutoa mwaka 1508 msururu wa picha za mbao za watu waliokutwa njiani, na mwaka 1509 Springer akachapisha kitabu cha safari chenye picha zilizofuata zile za Burgkmair.

Vichwa vya Burgkmair ni Guinea, Algoa ya kusini mwa Afrika, Arabia, India kuu, na mfalme wa Cochin. Nimevitazama kwa muda mrefu katika nakala za kidijitali. Kutoka Algoa anaruka hadi Arabia. Lakini njia ya meli tunaijua: Kilwa, Mombasa, kisha ng'ambo moja kwa moja hadi pwani ya India. Arabia hawakushuka kabla ya kufika huko. Sasa hao watu wa "Arabia" walionekana wapi, kama si kwenye pwani yetu? Mimi nawasoma kama watu wa upande wa Kilwa, Mombasa na Malindi, waliopewa jina ambalo Mjerumani wa wakati ule alilielewa kwa Waislamu wa bahari ile. Burgkmair hakuwaona, alichora kwa kusimuliwa, na mavazi hayawezi kuwa ushahidi. Ila njia ya meli ni ushahidi.

Msomaji anayekutana na picha hiyo imekatwa peke yake, imeandikwa "In Arabia" juu yake, hana namna ya kufika Mombasa. Akiwa na safari yote mkononi, bandari kwa bandari, anafika. Ukurasa huu wa maelezo nauandika kwa urefu kuliko mwingine wowote, na nitaweka ramani ya safari kando yake.

Oktoba

Karatasi za ile Cosmographia zimeanza kuonekana mtandaoni. Nilizijua kwa doa. Pembe ya juu, umbo lile lile, kubwa kwenye hii, dogo kwenye ile. Wauzaji ni tofauti, wapo katika nchi tofauti, na maelezo ni "Münster, karne ya 16, asili" basi. Moja tayari imetiwa rangi.

Nimeamua hivi. Sitanunua hata moja, kwa sababu nilikiona kitabu kikiwa kizima. Lakini nahifadhi picha ya kila tangazo, tarehe, namba ya ukurasa, na ukubwa wa doa. Doa ndilo uzi uliobaki: kwa kulipima naweza kuzipanga karatasi kwa mfuatano hata pale namba ya ukurasa imekatwa pembeni. Nimefungua jedwali, safu kwa kila karatasi, na picha nilizopiga Agosti zimekuwa nguzo za kupimia. Mkusanyaji mwenzangu anayeishi Uswisi ameanza kunitumia anazoziona yeye. Tumekubaliana jedwali liwe wazi kwa yeyote, hasa kwa aliyenunua karatasi kwa nia njema na angependa kujua ilikaa baina ya zipi.

Nimefanya hivyo hivyo kwa karatasi zangu mwenyewe, kurudi nyuma hadi ile ya Lyon. Kila moja sasa ina kadi: kitabu, mchapaji, mji, mwaka, namba, ilikopatikana, aliyewahi kuimiliki kwa kadiri ushahidi unavyoonyesha bila kutaja watu binafsi, kasoro zake zote, na nakala nzima ya maktaba ambayo msomaji anaweza kuifungua kwenye intaneti aone kurasa jirani. Kipengele hicho cha mwisho nakipa uzito kuliko vyote. Vitabu vya karne ya 15 vina bahati hapa, kwa kuwa orodha ya kimataifa inayotunzwa na British Library ina takriban matoleo 30,000, na mengi ya matoleo hayo yana angalau nakala moja iliyokwisha kupigwa picha.

Novemba

Bologna imefika. Schedel, Kilatini, "Folium" juu kulia, kutoka mnada mdogo, ikiwa na paspatu, yaani fremu ya karatasi ngumu, ya zamani iliyokwisha kugeuka rangi. Nimeiweka mezani kando ya Lyon na kuzipitia kwa kioo, kuanzia pembe ya kushoto. Ni kibao kimoja. Mawe yale yale, dirisha lile lile la mnara. Lyon imechapwa kwa wino mzito kidogo, vivuli vimejaa. Bologna imetoka nyepesi, na vile vitundu vyeupe alivyovisifu mjomba vinaonekana kimoja kimoja. Kwa kufundishia, hii ya pili ni bora.

Maelezo ya Kiswahili ya jozi hii yamekamilika na yamesomwa na mwalimu wa uchapaji Mombasa, aliyetaka niongeze mchoro wa jinsi kibao na herufi vinavyofungwa ndani ya fremu. Nimeuongeza. Ameomba pia karatasi za Münster zitangulie, kabla ya Schedel, kwa sababu ya wadudu. Anasema vijana wataanzia hapo na kuuliza yote mengine wenyewe. Nimekubali, mpangilio umebadilishwa.

Yaliyobaki: muhindi wa Fuchs wa 1545 bado haujapatikana. Kuna karatasi tatu za toleo hilo kwenye mnada wa Desemba, bila orodha ya mimea. Nimeandika kuomba picha za pande zote mbili na za ukingo wa mshono.